Kukata chuma kwa leza: nyundo 24 zilizonifundisha, na mambo ya kujua kabla hujapeleka kazi yako

#1 FundiVinu_Moro (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Natengeneza mashine za kusaga na za kuchanganya chakula cha mifugo hapa Morogoro. Karakana ni ndogo, vijana wanne na mimi. Kwa miaka mingi tulikata kila kitu kwa gesi na grenda. Huu ni mwaka wa tatu vipande vyangu vya bamba napeleka Dar vikakatwe kwa leza. Humu ndani naona watu wanauliza "leza wapi nafuu" bila kujua wananunua nini hasa, na wengine wamekuja kulia baada ya kulipa. Kwa hiyo naandika ninachokijua, mafundi wenzangu mtaongeza na mtanisahihisha.

Nianze na kilichonipeleka huko. Mteja wangu wa Kilosa alirudisha mashine mara tatu ndani ya miezi minne, kila mara beringi zimekufa. Mara ya kwanza nikasema beringi ni feki. Mara ya pili nikasema amekaza mkanda mno. Mara ya tatu nikafungua rota, ile sehemu inayozunguka ndani ya mashine, nikachomoa nyundo zote 24, yaani vile vipande vya bamba vinavyoponda nafaka, nikaenda nazo kwa jirani mwenye duka aliye na mizani ya kidijitali. Iliyokuwa nzito kuliko zote ilikuwa gramu 248. Nyepesi kuliko zote, 219. Na tatu kati ya zile nzito zilikuwa zimekaa kwenye pini moja, ile nondo inayoshika nyundo kwenye rota.

Gramu 29 unaweza kuziona si kitu. Lakini rota ile inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Nyundo ikiwa sentimita 18 kutoka katikati ya shafti, gramu 30 za ziada zinavuta shafti upande mmoja kama vile umeining'inizia mzigo wa kilo 54, na mzigo huo unazunguka nayo mara 50 kila sekunde. Beringi gani itavumilia hapo?

Nyundo zile tulikuwa tunazichora kwa chaki juu ya bamba la mm 6, tunakata kwa gesi, tunasawazisha kwa grenda, tunatoboa kwa drili. Kijana aliyeanza saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi jioni mkono umechoka, na nyundo ya jioni haiwezi kufanana na ya asubuhi. Vijana wangu si wazembe, mkono wa binadamu ndivyo ulivyo.

Mzigo wangu wa kwanza wa leza ulikuwa nyundo 120. Tulizimwaga mezani tukazichanganya, kisha tukapima moja moja. Zote ziliangukia gramu 231 au 232. Yule mteja wa Kilosa mpaka leo hajarudi na beringi.

Watu wengi wakisifia leza wanasifia ukingo ulivyo laini. Kwangu mimi faida yake kubwa ni kufanana. Zamani mteja wa Malinyi nyundo zikiisha ilibidi alete rota nzima Morogoro, tumpimie, tumsagie zikae. Sasa anapiga simu, natia nyundo 24 kwenye kiroba, zinapanda basi, anafunga mwenyewe. Kipande cha mwaka huu kinaingia kwenye mashine ya mwaka juzi bila kuguswa na grenda. Ndiyo maana nauandika uzi huu kwa moyo wote: mashine zetu za nyumbani zinadharauliwa kwa sababu hazina vipuri vinavyoingia, na dawa yake iko karibu kuliko tunavyodhani.

Sasa mambo ya kujua.

Ukiambiwa "tuna leza", uliza ni leza gani. Zile mashine za kuchora ngao za tuzo, mihuri na akriliki ni leza za CO2, yaani mwanga wake unatokana na gesi, za wati 60, 80, 100. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini bamba la mm 3 haziliwezi. Ya kukatia chuma siku hizi ni ya faiba, yaani mwanga wake unapita kwenye uzi wa kioo, na nguvu yake inahesabiwa kwa kilowati. Mwanga wa faiba una urefu wa wimbi wa karibu mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), wa CO2 ni mikroni 10.6, na chuma kinaumeza ule mfupi vizuri zaidi, ule mrefu kinaurudisha kwa wingi.

Uliza pia watakata kwa gesi gani. Chuma cheusi cha kawaida, hasa bamba nene, hukatwa kwa oksijeni. Leza inapasha, oksijeni inaunguza chuma chenyewe, na joto la kuungua huko linasaidia kukata. Ila ukingo unabaki na ngozi nyembamba ya oksidi, ya kijivu, inateleza ukiigusa. Mimi sikujua. Nilipaka hopa zangu, yale masanduku ya juu ya kumiminia nafaka, rangi ya poda juu ya ngozi hiyo. Zilitoka nzuri, nikazipiga picha. Masika ya kwanza ilipopita, kingo zote zikaanza kubanduka. Ukiingiza ukucha, rangi inatoka kipande kizima kama ganda la yai, na ukigeuza unaona ile ngozi ya kijivu imeng'ang'ania kwenye rangi, si kwenye chuma. Tangu siku hiyo kila ukingo wa oksijeni tunaupiga msasa kabla ya rangi. Naitrojeni haiunguzi chochote, inapuliza tu chuma kilichoyeyuka kwa presha kubwa ya bar 10 mpaka 20, na ukingo unatoka mweupe. Ni ghali zaidi. Siku hizi wengine wanakata kwa hewa ya kompresa, inafaa kwa bamba jembamba.

Bamba: pima kabla hujalilipia. Nenda dukani na venia, kile kipimo cha kubana, usione haya. Kuna bamba nililouziwa kama mm 3, likapima 2.6. Njia nyingine ni mizani. Zidisha urefu kwa upana kwa mita, zidisha unene kwa mm, kisha zidisha 7.85, unapata kilo. Bamba la futi 8 kwa 4 ni mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo la mm 3 halali lina kilo 70. La 2.6 lina kilo 61. Kilo tisa zimekwenda, na vile vile opereta aliyeseti mashine kwa mm 3 anakata kitu kingine kabisa.

Mchoro ndio uliniumiza kuliko yote. Nilichora nyundo kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, pembeni ya tundu la pini nikaandika "16" peke yake. Aliyeuchora upya kwenye kompyuta akachukua 16 kama nusu kipenyo. Nikapokea nyundo 96 zenye matundu ya mm 32. Bamba lilikuwa langu, mchoro ulikuwa wangu, hakuna wa kumdai. Sasa naandika "kipenyo 16.5", nusu milimita ikiwa ni nafasi ya nyundo kucheza kwenye pini, na naomba nitumiwe picha ya mchoro wao kabla hawajakata.

Bei sitaziweka maana zinabadilika, ila zinahesabiwa kwa urefu wa mkato, unene, gesi, na idadi ya mara ambazo mashine inatoboa. Kwa hiyo kipande kidogo chenye matundu 40 kinaweza kuwa ghali kuliko kipande kikubwa kitupu.

Karibuni.

#2 mkulima_wa_dumila

Naweka kambi hapa. Nyuzi za namna hii ndizo zinazotakiwa.

#3 OperetaDSM

Mleta mada Mungu akubariki. Mimi naendesha mashine ya kilowati 3 hapa Dar, niongeze ya upande wangu.

Kuhusu nguvu: mashine ya kilowati 1 nisingeiamini zaidi ya mm 8 kwa chuma cheusi na oksijeni. Yangu ya 3 inakata mm 16 vizuri, mm 20 inakata lakini unakaa nayo macho yote. Stenlesi kwa naitrojeni hesabu kama nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia anakata kila unene na mashine yake ndogo, muombe akuonyeshe kipande.

Nikiwa kazini siangalii skrini sana, naangalia cheche chini ya bamba. Zikishuka wima, mkato umepita. Zikianza kulala kuelekea nyuma, najua ninakwenda kasi kuliko bamba linavyotaka, na slagi, yaani uchafu wa chuma kilichoyeyuka, itaganda chini kama ndevu. Zikirudi juu nasimamisha palepale, maana chuma kinarukia kioo cha kukinga lenzi, na kioo kikishapata doa la chuma kazi yote inayofuata inaharibika. Sauti nayo inaongea: mkato mzuri una mvumo mmoja usiobadilika, kama nguo ndefu inachanwa taratibu.

Wateja, naombeni bamba lisilale nje. Kutu ya mabaka inanitesa. Mashine inajua umbali wa pua yake na bamba kwa kuhisi, ikifika penye ganda la kutu lililoinuka inapotea, inaruka, tundu linatoka na kidonda. Mafuta kidogo ya kuzuia kutu si shida. Kutu ndiyo shida.

Na msikasirike mkikuta kipande kina kachunusi kadogo pembeni. Tunaacha vishikizo makusudi, vijisehemu visivyokatwa, ili kipande kisidondoke au kusimama wima katikati ya kazi. Kipande kikisimama na kichwa cha mashine kikakigonga, ni hasara ya siku nzima. Kachunusi kanatoka kwa tupa mara mbili tatu.

Matundu: lisiwe dogo kuliko unene wa bamba. Bamba la mm 10, tundu la mm 10 na kuendelea. Dogo zaidi linawezekana kwa mashine nzuri, lakini halitakuwa duara la kuaminika, na upande wa chini litapishana na wa juu. Kama unataka kukaza beringi humo, nipe nikate dogo kwa milimita 1, ukamalizie kwa mkerezaji kwenye leithi. Na kama unataka kutia nyuzi za bolti kwenye chuma chenye kaboni nyingi, usinipe tundu nikate. Ukingo unapashwa na kupoa ghafla, unakuwa mgumu, tapu ya kukatia nyuzi inakatikia ndani. Nakuchorea alama ya nukta kwa leza, wewe utoboe kwa drili juu ya ile nukta.

La mwisho, usalama. Mwanga wa faiba hauonekani kwa jicho, ila jicho linaukusanya mpaka nyuma kabisa kwenye retina. Ule unaoona ni mwanga wa chuma kinachoungua, si leza yenyewe. Ndiyo maana tunafunga kibanda na kile kioo cha rangi. Mteja anayepanda juu ya stuli ili apige video kwa juu ya ukuta anahatarisha macho yake kwa kitu ambacho hatakiona kikimjia.

#4 mwalimu_ufundi

Nakazia hapo kwenye gesi. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960 kule Marekani, na kwa miaka kadhaa watu hawakujua waifanyie kazi gani viwandani. Mwaka 1967 huko Uingereza, karibu na Cambridge, Peter Houldcroft akachukua leza ya CO2 ya wati 300 tu, akapuliza oksijeni pamoja na mwanga, akakata bamba la chuma la mm 1. Mwanga peke yake ungeyeyusha na kuacha uchafu. Ile oksijeni ndiyo iliyofanya mkato uwe mkato. Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini mtungi wa gesi unagombaniwa kuliko umeme kwenye karakana ya leza, nawaanzia hapo.

#5 KinuChaMama

Samahani wakuu, mimi nina mashine ya kusaga sembe na dona, Kilosa. Je, chekeche nayo inaweza kukatwa kwa leza? Ninazonunua zinatoboka haraka, nataka ya bamba nene kidogo.

#6 FundiVinu_Moro

Dada KinuChaMama, swali zuri, na nililijaribu kabla yako. Piga hesabu nami. Chekeche ya unga ina matundu ya mm 1, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine tufanye mm 2. Sentimita moja ya mraba ina matundu 25. Chekeche ya sentimita 20 kwa 60 ina sentimita za mraba 1,200. Hayo ni matundu 30,000. Hata mashine ikitumia nusu sekunde tu kwa kila tundu, ni zaidi ya saa 4 za mashine kwa chekeche moja. Utalipa pesa ya kununulia chekeche nyingi za dukani, zile zinazotobolewa kwa mashine ya kugonga matundu mengi kwa pigo moja. Ukitaka bamba nene zaidi nako, tundu la mm 1 kwenye bamba la mm 2 halitoki safi, kama opereta alivyosema.

Chekeche ya chakula cha kuku yenye matundu ya mm 5 au 6, hiyo nimekata kwa leza na inalipa, maana matundu ni machache.

Ila nikuulize: chekeche yako inatobokea wapi? Kama ni sehemu moja siku zote, tatizo si chekeche. Kuna nyundo ndefu kuliko wenzake au rota haijakaa katikati.

#7 KinuChaMama

Sehemu moja. Chini, upande wa kushoto nikiwa nimesimama kwenye hopa.

#8 FundiVinu_Moro

Basi zima, fungua, pima nyundo zote urefu kutoka kwenye tundu hadi ncha. Niandikie PM (ujumbe wa faragha).

#9 MzeeGerezani

Vijana, nimesoma kwa makini. Nimekata chuma mtaa wa Gerezani, Dar, tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa. Msiwafanye watu waamini kwamba bila leza hakuna kufanana. Sisi tulikuwa tunatengeneza kielelezo cha bamba gumu, tunabana vipande sita kwa pamoja, tunatoboa kwa pamoja, tunasaga kwa pamoja. Vinatoka ndugu. Anayekata kimoja kimoja kwa chaki ndiye anayepata tofauti ya gramu 29. Na leza haikuja na akili, ukimpa mchoro mbovu anakukatia ubovu mara mia.

#10 FundiVinu_Moro

Shikamoo mzee wangu. Ulichosema ni kweli tupu na nakishukuru. Kielelezo ningekuwa nacho, mteja wangu asingepoteza beringi sita. Nimebaki na leza kwa sababu ya wingi na kwa sababu ya mwaka kesho: kielelezo kinalika, kinapotea, kijana anaondoka nacho. Mchoro uko kwenye simu yangu na umehifadhiwa sehemu tatu. Lakini kwa fundi anayetengeneza mashine mbili kwa mwezi, njia yako ni nafuu kuliko nauli ya kwenda Dar. Watu waisome posti #9 mara mbili.

#11 MzeeGerezani

Marahaba. Endeleeni.

#12 MagetiMwanza

Na sisi wa mageti tuna la kusema. Ninachora maua na majina ya familia kwenye mageti, bamba la mm 2. Kazi yangu ya kwanza niliandika jina la ukoo la mteja, herufi zina O na A. Nilipokwenda kuchukua, matumbo ya O na A yote yalikuwa yameanguka, yamebaki matundu matupu! Ni kosa langu, nilichora kama ninaandika kwenye karatasi. Herufi za kukatwa lazima ziwe na daraja, kijiti kinachoshika tumbo la ndani kisidondoke. Sasa daraja nalifanya la mm 4, jembamba zaidi ya hapo linapinda kwa joto la mashine au kwa mkono wa mpaka rangi.

Pia msiwape wakate bati lenye zinki bila kuwaambia. Zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907 na chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo zinki inageuka moshi mweupe kabla chuma hakijalainika. Moshi ule ukiuvuta, jioni unapata homa na kutetemeka. Wenye kifyonza moshi kizuri wanakata bila shida, wasio nacho wanaumiza vijana wao.

#13 Kijana_wa_CAD

Mimi ni mwanafunzi, nachorea watu michoro ya leza kwa malipo kidogo. Makosa ninayokutana nayo kila wiki ni haya:

Mtu anachora kwa programu ya SketchUp halafu anatoa DXF, lile faili la mchoro linalotumwa kwa mkataji. Duara la SketchUp si duara, ni pembe nyingi zenye pande 24 usipobadilisha. Kwenye skrini huoni. Ukikata tundu la mm 60 la shafti kupita, unalihisi kwa kidole, lina kona kona. Chora kwa programu inayojua duara ni duara. LibreCAD na FreeCAD ni za bure, zinatosha kabisa kwa bamba.

Mistari miwili juu ya mmoja. Umenakili kipande ukakibandika palepale bila kujua. Mashine itakata mara mbili njia ileile, ya pili inaunguza ukingo, na umelipia urefu mara mbili.

Umbo lisilofungwa. Kuna nafasi ndogo kama unywele kati ya mstari na mstari, programu ya mashine haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Na hilo lina maana, kwa sababu mkato wenyewe una upana. Kwa bamba jembamba ni kama mm 0.1 mpaka 0.3, na programu husogeza njia nusu ya upana huo ili kipande kibaki na kipimo chako. Wewe usiongeze chochote, chora kipimo halisi, moja kwa moja, kwa milimita. Aliyechora kwa inchi aseme, maana namba ileile ikisomwa kwa milimita kipande kinatoka kidogo mara 25.4.

Na picha ya simu si mchoro. Ni mwanzo wa mazungumzo tu.

#14 JuaKali254

Niko Nairobi, Kariobangi Light Industries. Huku kwetu mambo ni hayo hayo, unatuma DXF kwa WhatsApp kwa watu wa Industrial Area, jioni unachukua. Swali langu ni kuhusu kukunja. Nilikatiwa vipande vya kutengeneza sanduku la umeme, bamba la mm 3. Kila kipande kilitoka na kipimo sawasawa na mchoro, lakini baada ya kukunja, sanduku halifungiki, pande zimekuwa ndefu. Nani alikosea?

#15 Kijana_wa_CAD

Kaka, hakuna aliyekosea kukata. Chuma kikikunjwa kinavutika upande wa nje, kwa hiyo bamba bapa linatakiwa kuwa fupi kuliko jumla ya pande. Mfano, unataka L ya mm 50 kwa 50, kipimo cha nje, bamba la mm 3, na kona ya ndani ina mviringo wa nusu kipenyo mm 3. Usikate mm 100. Kata karibu 94.7. Ukikata 100 unabaki na milimita 5 zisizo na pa kwenda, na sanduku lina kona nne.

Namba hiyo inabadilika kulingana na meno ya mashine ya kukunjia. Kwa hiyo kabla ya kazi kubwa, kata kipande kimoja cha mm 100, kikunje kwenye mashine ileile utakayotumia, pima pande zote mbili, jumlisha, toa 100. Kinachozidi ndicho unachopunguza kwenye kila mkunjo. Na matundu yakae mbali na mstari wa mkunjo, kwa bamba lako ningeweka mm 10 kutoka ukingo wa tundu, la sivyo duara linageuka yai.

#16 JuaKali254

Nimeelewa sasa, asante sana. Nitajaribu hicho kipande cha 100 kesho asubuhi.

#17 Bahari_Znz

Asalaam alaykum. Nipo Unguja, tunafanya vishikio na mabano ya boti. Kwetu sisi chumvi haina huruma. Wapelekaji kazi wa pwani, msiseme tu "stenlesi". Kuna 304 na kuna 316. Ya 316 ina molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, na hiyo ndiyo inayoihimili bahari. Ya 304 karibu na maji ya chumvi inatoka vidoadoa vya kahawia. Kwa macho ziko sawa kabisa, na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Omba cheti cha bamba. Na mwambie akate kwa naitrojeni, ukingo wa stenlesi uliokatwa kwa oksijeni unakuwa mweusi na kutu inaanzia hapohapo.

#18 mtaji_upo

Wakuu, kwa jinsi ninavyosoma kuna biashara hapa. Nina eneo lenye umeme wa fezi tatu. Ninunue mashine nifungue huduma mkoani?

#19 OperetaDSM

Mkuu, nitakujibu kama ndugu. Bei ya mashine ndiyo rahisi kuijua, wewe hesabu vinavyoizunguka. Chila ya kupoza leza haizimwi wakati mashine inafanya kazi. Stabilaiza kubwa, maana umeme ukiyumba katikati ya bamba la mm 12 unapoteza kipande, na ukiyumba sana unapoteza kitu cha ndani ambacho hakiko dukani. Kompresa yenye kikausha hewa. Mitungi ya oksijeni safi, na hapa usikubali chochote chini ya asilimia 99.95, ikishuka kidogo tu kasi inaanguka na ndevu zinaota. Vioo vya kukinga lenzi, pua za mashine, pete za kauri. Kifyonza moshi. Na mtu anayejua kuitengeneza yuko umbali gani na wewe?

Kuliko yote hayo, una saa ngapi za kazi kwa wiki? Fanya hivi: kwa miezi sita kusanya kazi za mafundi wa mkoa wako, zilete Dar kwa pamoja, wewe uandae mchoro, upange vipande kwenye bamba kama fundi cherehani anavyopanga kitambaa kisipotee, usafirishe. Utajua wateja ni wangapi, wanakata unene gani, wanalipa lini. Baada ya hapo swali lako litajijibu, na utajua hata ununue kilowati ngapi.

#20 mtaji_upo

Hii ya kukusanya kazi kwanza sikuwa nimeiwaza kabisa. Naanza nayo. Halafu mabaki ya bamba yanakuwa ya nani?

#21 OperetaDSM

Bamba likiwa la mteja, mabaki ni ya mteja, na mkubaliane kabla ya kuwasha mashine. Likiwa letu, umelipia bamba zima au eneo ulilotumia, iandikwe kwenye risiti. Ugomvi mwingi niliouona karakana unatokana na hapo, si kwenye mkato.

#22 nyundo_ngumu

Mleta mada hukusema nyundo zako ni chuma gani. Mm 6 chuma cha kawaida si zinaisha haraka?

#23 FundiVinu_Moro

Zinaisha, ndiyo. Chuma cha kawaida ni laini, mahindi yenye mchanga yanakula ncha. Ninachofanya, nakata kwa leza, kisha ncha mbili naziwekea tabaka la elektrodi ngumu ya kuzuia kulika, halafu nazipanga upya kwa uzito maana kuchomelea kunarudisha tofauti. Naziweka kwa jozi, zenye uzito sawa zinakaa pini zinazotazamana. Nina matundu kwenye ncha zote mbili za nyundo, upande mmoja ukilika unaigeuza.

Nimejaribu bamba gumu lile la ndoo za matrekta ya kuchimbia. Leza inalikata bila shida na linadumu sana, ila bei yake na upatikanaji wa vipande vidogo bado vinanishinda. Springi za gari wengi wanazitumia, ni chuma kizuri, lakini zimepinda, na kichwa cha leza kinataka bamba lililolala sawa.

#24 KinuChaMama

Narudi na mrejesho wakuu. Nilifungua kama nilivyoambiwa. Nyundo moja ilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa mm 7, ilibadilishwa na fundi mwingine mwaka jana. Hiyo ndiyo ilikuwa inakula chekeche. Nyundo 24 za kaka FundiVinu nimezipokea stendi juzi jioni. Nimezifunga mwenyewe na mwanangu kwa spana mbili, hatukusaga hata moja, zote zimeingia. Leo nimesaga gunia nane, mashine imetulia mpaka nikaweka glasi ya maji juu ya fremu kuijaribu. Maji yanatetemeka kidogo, hayamwagiki.

Sasa pini mbili kati ya nne naona zimelika katikati, zimefanya kiuno. Na hizo nikate kwa leza?

#25 FundiVinu_Moro

Nimefurahi sana dada. Pini hapana, hiyo ni nondo ya duara, inakerezwa. Usinipimie pale penye kiuno. Chukua venia, pima kule mwisho karibu na nati ambako nyundo haifiki, hapo pana kipenyo chake cha asili. Pima na urefu wote, na urefu wa sehemu yenye nyuzi, upige picha ikiwa kando ya rula. Badilisha zote nne kwa pamoja, usiache mbili za zamani.

#26 KinuChaMama

Kipenyo 15.9. Urefu wote 262, nyuzi 25 kila upande. Picha nimetuma PM.

#27 FundiVinu_Moro

Basi ni pini za 16. Zitapanda basi Alhamisi.